Kununua nyumba kwa mkopo: Maswali ya kujiuliza kabla hujatoa advansi

TANGU barabara ya Mpemba hadi Isongole ilipowekwa lami, Itumba imesogea karibu na Tunduma. Mfanyabiashara anaweza kushinda mpakani akihangaikia mzigo wake na jioni akarudi kulala Ileje. Barabara nzuri inapofika mahali, mazungumzo ya viwanja na nyumba hayachelewi, na Itumba, ikiwa makao makuu ya wilaya, haiwezi kukwepa mazungumzo hayo.

Wanaotaka nyumba si wote wenye fedha taslimu. Wengi mtaji wao umo kwenye kahawa, mahindi au bidhaa za dukani, na kuutoa wote uende kwenye matofali ni kuua biashara. Ndiyo maana watu huuliza: je, benki inaweza kuninunulia nyumba, nami nikailipa kidogo kidogo?

Kisheria inawezekana. Lakini ukurasa huu unamtahadharisha msomaji mapema: katika miji yetu midogo mkopo wa nyumba mara nyingi hukwama kwenye karatasi kabla haujakwama kwenye bei. Mtu huona nyumba, hupatana bei, hutoa advansi, halafu ndipo huenda benki. Benki ikizisoma karatasi za muuzaji na kuzirudisha, advansi imekwisha kuliwa. Njia iliyo salama ni kuugeuza mwendo huo: karatasi kwanza, benki ya pili, fedha mwisho.

Mabenki yana sababu ya kuwa makali. Benki ya Nyumba Tanzania (THB), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, ilifungwa mwaka 1995 ikiwa imeelemewa na mikopo isiyolipwa. Baada ya hapo mkopo mrefu wa nyumba ulikuwa adimu. Hali ilianza kubadilika mwaka 2008, Bunge lilipopitisha sheria maalumu ya mikopo ya nyumba iliyorekebisha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Mwaka 2010 ikaanzishwa TMRC, kampuni inayoyapatia mabenki fedha za muda mrefu ili nayo yaweze kumkopesha mwananchi kwa miaka 15 au zaidi. Riba, ambayo mwaka 2010 ilikuwa kati ya asilimia 22 na 24, ilishuka katika miaka iliyofuata hadi kati ya asilimia 15 na 19. Si ndogo, lakini mlango upo wazi. Yafuatayo ni maswali ya kujiuliza kabla ya kuuingia.

Nyumba ikiwekwa rehani inakuwa ya nani?

Inabaki kuwa yako. Wengi huamini kwamba ukiweka rehani, nyumba ni ya benki mpaka umalize deni. Sheria ya Ardhi inasema vingine: rehani ni dhamana tu, haihamishi haki ya ardhi kutoka kwako kwenda benki. Jina kwenye hati ni lako. Benki huandikishwa kwenye daftari la msajili kama mwenye rehani na kukaa na hati yako. Ukimaliza deni, benki inapaswa kukupa hati ya kuondoa rehani, nawe uipeleke kwa Msajili wa Hati ili jina la benki lifutwe. Kuna watu waliomaliza kulipa wakasherehekea bila kufanya hatua hii ya mwisho, na siku ya kuuza wakakuta daftarini bado wanaonekana wadaiwa.

Je, benki itaikubali karatasi ya muuzaji?

Hapa ndipo Itumba na vijiji vinavyoizunguka vinapotofautiana na Dar es Salaam. Karatasi za ardhi si za aina moja, na uzito wake haulingani.

Ya kwanza ni hati miliki ya ardhi iliyopimwa, ambayo kwa kawaida hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Hii ndiyo benki inayoipenda. Angalia imebakiza miaka mingapi, maana benki haitakukopesha kwa miaka 20 juu ya hati iliyobakiza miaka 12.

Ya pili ni barua ya toleo. Ni hatua ya kuelekea kwenye hati, lakini si hati. Muuzaji mwenye barua ya toleo amalizie kwanza hati yake, kwa sababu rehani haiwezi kusajiliwa juu ya ahadi.

Ya tatu ni hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa kwa ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mkoa wetu una historia nayo: wilaya jirani ya Mbozi ndiyo iliyochaguliwa kuwa ya majaribio wakati sheria hiyo ilipoanza kutekelezwa. Ni hati halali, na yapo mabenki yaliyowahi kuipokea kwa mikopo ya kilimo. Lakini kwa mkopo mrefu wa nyumba mambo huwa magumu. Kumhamishia mtu mwingine hati hiyo kunahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, na ndivyo inavyokuwa hata pale benki inapotaka kuuza ili kufidia deni lake. Benki hujiuliza: nani atainunua, na kijiji kitamkubali?

Ya nne, ambayo wengi wetu tunayo, ni karatasi ya kuandikishana mbele ya mwenyekiti na mashahidi. Inaweza kuwa ushahidi kwamba mlinunuziana. Haikupi nafasi kwenye daftari la msajili, na mahali ambapo hapajasajiliwa hapawezi kuwekewa rehani ya kusajiliwa.

Basi swali la kwanza kwa dalali lisiwe "bei gani?" bali "kiwanja kimepimwa, na hati iko kwa jina la nani?" Ukijibiwa kwamba hati iko njiani, usiweke advansi. Nenda idara ya ardhi ya halmashauri ukaulize mwenyewe iko njia ipi.

Nitajuaje kwamba muuzaji ana haki ya kuuza?

Omba upekuzi rasmi katika ofisi ya Msajili wa Hati. Kwa ada ndogo utapewa taarifa ya mmiliki aliyeandikishwa, pamoja na rehani au zuio lolote lililopo. Nakala ya hati aliyokushikisha muuzaji haitoshi, maana nakala haisemi kilichosajiliwa baada ya kutolewa.

Upekuzi ukionyesha kuna rehani ya benki nyingine, usikimbie moja kwa moja. Nyumba yenye deni inaweza kununuliwa, mradi benki yake iandike kwa maandishi kiasi kinachodaiwa, na benki yako ilipe deni hilo moja kwa moja kwa benki ile. Asilipwe muuzaji kwa ahadi kwamba "nitakwenda kulipa".

Ikiwa muuzaji ana mke au mume, sheria ni kali. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakataza mwanandoa kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na kinampa mwenzake huyo haki inayoweza kulindwa kwa kusajili zuio. Pata ridhaa hiyo kwa maandishi. Maneno "mke wangu anajua" hayana saini.

Ikiwa nyumba ni ya urithi, mwenye mamlaka ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kikao cha ukoo ni kizuri kwa amani ya familia, lakini hakimpi mtu uwezo wa kusaini uhamisho. Kaka mkubwa akikuuzia bila barua ya usimamizi, umenunua ugomvi.

Benki ikinikataa, advansi yangu itarudi?

Inategemea mlivyoandika. Sheria ya Ardhi haitambui mkataba wa mauzo ya ardhi usio na maandishi. Mkataba uwepo, uandaliwe na wakili, na uwe na sharti lililo wazi: kwamba mauzo yanategemea benki kukubali mkopo ifikapo tarehe fulani, na ikikataa, advansi irudishwe yote katika siku kadhaa zilizotajwa. Bila sharti hilo muuzaji anaweza kudai kwamba wewe ndiye uliyevunja mkataba, na mkavutana miaka kwenye baraza la ardhi kwa fedha ambayo ingekuwa mtaji wa msimu mmoja wa mahindi.

Tena, wakili wa benki si wakili wako. Yeye anailinda benki. Gharama ya kumlipa wakili wako mwenyewe asome karatasi kwa siku moja ni ndogo ukilinganisha na bei ya nyumba.

Mwenzi wangu anahusika vipi na mkopo wangu?

Anahusika kikamilifu. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi kinasema rehani ya nyumba ya familia ni halali pale tu mwenzi wa ndoa anapokuwa amesaini, au pale panapokuwa na ushahidi kwamba ameridhia. Mwenye wake zaidi ya mmoja wanaoishi katika nyumba hiyo ajue kwamba ridhaa inayotakiwa ni ya wote.

Marekebisho ya mwaka 2008 yaliongeza mambo mawili. Mkopaji anatakiwa kuieleza benki kama ana mwenzi, na benki inatakiwa kuchukua hatua za kutosha kuhakikisha. Anayetoa taarifa za uongo anafanya kosa la jinai, na adhabu yake ni faini isiyopungua nusu ya mkopo au kifungo kisichopungua miezi 12. Kwa hiyo yule rafiki anayekushauri ujaze fomu kwamba hujaoa ili "mambo yaende haraka" hakutakii mema.

Nitalipa kiasi gani hasa?

Tuchukulie mfano wa nyumba ya sh. milioni 60. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2015 zinaruhusu mkopo usiozidi asilimia 90 ya thamani ya nyumba, lakini benki inaweza kudai mnunuzi achangie zaidi ya hapo. Tuseme unatoa asilimia 20 mfukoni, yaani sh. milioni 12, na kukopa sh. milioni 48 kwa riba ya asilimia 17 kwa miaka 15.

Rejesho litakuwa kama sh. 739,000 kila mwezi. Katika rejesho la kwanza, sh. 680,000 ni riba na sh. 59,000 tu ndizo zinazopunguza deni. Baada ya miaka mitano utakuwa umelipa zaidi ya sh. milioni 44, lakini deni litakuwa bado sh. milioni 42.5. Ukifika mwisho wa miaka 15 utakuwa umelipa karibu sh. milioni 133 kwa mkopo wa milioni 48.

Sasa fupisha muda. Mkopo huo huo kwa miaka 10 unataka rejesho la sh. 834,000 kwa mwezi. Ni nyongeza ya sh. 95,000 hivi, lakini jumla inashuka hadi sh. milioni 100. Kwa miaka mitano pungufu umeokoa karibu sh. milioni 33, zaidi ya nusu ya bei ya nyumba yenyewe.

Kutokana na hesabu hiyo kuna vifungu vitatu vya kutafuta kwenye mkataba wa mkopo kabla ya kusaini. Je, riba imefungwa au inaweza kupandishwa, na kwa notisi gani? Je, ukipata msimu mzuri wa kahawa unaweza kupunguza deni kwa mkupuo, na kuna faini? Je, bima ya maisha na ya nyumba ni kiasi gani, na imo ndani ya rejesho au iko pembeni? Sheria inakupa haki ya kulipa deni na kuiondoa rehani kabla ya muda. Gharama ya kufanya hivyo ndiyo iliyojificha kwenye maandishi madogo.

Kodi na ushuru ni juu ya nani?

Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji. Kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida aliyoipata, na tangu mwaka 2023 muuzaji asiye na kumbukumbu za gharama zake anaweza kutozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyothibitishwa, ile iliyo kubwa. Wengi wa wauzaji wetu hawana risiti za saruji walizonunua miaka hiyo, kwa hiyo wataangukia hapo.

Ingawa kodi si yako, ni shida yako. Bila cheti cha TRA kwamba imelipwa, uhamisho hausajiliwi, na bila kusajiliwa benki haitoi fedha. Andikeni kwenye mkataba kwamba kodi ikatwe kwenye malipo kabla muuzaji hajapokea salio. Mnunuzi kwa kawaida hulipa ushuru wa stempu, karibu asilimia 1 ya thamani, pamoja na ada za usajili, mthamini na wakili. Kodi ya ardhi ya nyuma nayo iulizwe: kiwanja chenye malimbikizo kitakwamisha uhamisho vilevile.

Usikubali kuandika bei ndogo ili kukwepa kodi. Benki hukopesha kwa kuangalia thamani na bei iliyoandikwa. Ukiandika milioni 30 kwa nyumba ya milioni 60, umejinyima mkopo, na siku utakapouza wewe, faida yako itahesabiwa kuanzia hiyo milioni 30.

Nikishindwa kulipa, itakuwaje?

Kila mfanyabiashara wa mpakani ajiulize swali hili kabla ya kusaini. Machi 2025 Malawi ilizuia kuingizwa kwa baadhi ya mazao na bidhaa, na Aprili 2025 Tanzania nayo ikazuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini. Zuio la Tanzania liliondolewa baada ya siku chache, lakini funzo lilibaki: mpaka unaweza kufungwa kwa tangazo moja, na tarehe ya rejesho haisogei.

Ukichelewa, benki haiwezi kukurupuka na kuuza. Ni lazima ikupe notisi ya maandishi inayoeleza kosa lako, na ni baada ya siku 60 tangu uipokee ndipo deni lote linapodaiwa kwa mkupuo na haki ya kuuza inapoanza. Mnada wa ardhi nao unahitaji tangazo kwa umma la siku zisizopungua 14. Benki inawajibika kutafuta bei bora inayopatikana wakati huo. Ikiuza kwa asilimia 25 au zaidi chini ya wastani wa bei ya nyumba zinazofanana, sheria inachukulia kwamba imekiuka wajibu wake, mpaka ithibitishe vinginevyo. Fedha ikizidi deni na gharama, ziada ni yako. Ikipungua, kwa kawaida utaendelea kudaiwa salio.

Siku hizo 60 ndizo za kufanya kazi. Sheria inamlinda aliyenunua mnadani kwa nia njema, na mwenye nyumba aliyeonewa hubaki na haki ya kudai fidia kutoka kwa aliyeuza, si kurudishiwa nyumba. Kwa hiyo anayeficha bahasha ya notisi kabatini akingoja mnada ili aende mahakamani amekwishachelewa. Siku ya kwanza nenda benki na hesabu zako uombe kupanga upya marejesho. Kama kuna soko, tafuta mnunuzi wewe mwenyewe: nyumba inayouzwa na mwenyewe kwa utulivu hupata bei kuliko inayouzwa na dalali kwa kipaza sauti.

Na ndugu zetu wa Chitipa na Nakonde?

Mkoa huu unaoleana na kushirikiana biashara na Malawi na Zambia, hivyo swali hili haliepukiki. Asiye raia haruhusiwi kumilikishwa ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa, na kampuni ambayo hisa zake nyingi ni za wageni inahesabiwa kuwa ya kigeni. Anayetoa fedha zake na kuweka jina la Mtanzania kwenye hati ajue kwamba mbele ya msajili nyumba ni ya huyo Mtanzania. Naye Mtanzania anayeazima jina lake kwa mkopo ajue kwamba mdaiwa ni yeye.

Mwendo wa kufuata

Kwa ufupi, msomaji afuate hatua hizi. Ulizia hati na uione. Fanya upekuzi rasmi. Thibitisha ridhaa ya mwenzi wa muuzaji, au barua ya usimamizi wa mirathi. Peleka nakala za karatasi benki upate jibu la awali. Saini mkataba wenye sharti la mkopo, ukiwa na wakili wako. Hapo ndipo utoe advansi, tena kwa njia ya benki ili iache kumbukumbu. Fedha za benki zitoke pale uhamisho na rehani vinaposajiliwa, au wakili atakapokuwa ameahidi hivyo kwa maandishi.

Muuzaji mwenye karatasi safi hatachukizwa na maswali haya. Akikuharakisha kwamba kuna mteja mwingine anakuja kesho asubuhi na fedha mkononi, mwache mteja huyo anunue.